Kitabu cha Babu Baharia

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi wakisikia methali hii hufikiri mambo ya duka. Hufikiri sukari, chumvi na fedha za mauzo. Lakini mtu naye ni mali ya ukoo wake. Akiondoka bila daftari, naye hupotea bila habari.

Hii ni habari ya mtu aliyepotea kwa ukoo wake kwa miaka 75. Alikuwa baharia wa meli za biashara. Hakujua kusoma wala kuandika. Lakini watu wengine waliandika habari zake, na maandishi hayo yakahifadhiwa. Sisi wajukuu na vitukuu tuliyasoma, tukampata.

Mtu huyo ni baba yake bibi yangu mzaa mama. Nyumbani tunamwita Babu Baharia.

1. Watu wa pwani na meli za moshi

Zamani watu wa pwani yetu walisafiri kwa majahazi. Walikwenda na pepo za kaskazi na kusi. Kisha zikaja meli za moshi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilianza kufika Zanzibar kwa ratiba. Meli hizi hazikungoja upepo. Zilitaka makaa ya mawe, na zilitaka watu wa kuyatia motoni.

Watu wa Zanzibar, Mombasa, Tanga na visiwa vya Ngazija waliajiriwa katika kazi hiyo. Wengine waliajiriwa hata katika manowari za Uingereza. Waingereza waliwaita "Seedie", yaani Sidi.

Kazi ya chini ya meli ilikuwa ya aina mbili. Wapo waliochukua makaa kutoka ghalani na kuyapeleka kwa toroli mbele ya tanuri. Hao waliitwa watia makaa. Wapo waliotupa makaa ndani ya tanuri, wakakoroga moto na kutoa majivu. Hao waliitwa wachochea moto. Walifanya kazi kwa zamu. Kwa kawaida zamu ilikuwa saa 4 kazini na saa 8 za mapumziko, kisha kazini tena, usiku na mchana. Kulikuwa na joto kali na vumbi jeusi. Meli ikiyumba, makaa nayo yaliporomoka juu ya mtu.

Babu Baharia alianza kazi hiyo mwaka 1928. Aliandikishwa Mombasa, akawa mtia makaa.

2. Maneno ya kijijini

Kijiji chetu kiko kando ya bahari, kusini ya mji wa Tanga. Babu Baharia alioa hapo. Alikuwa akiondoka na kurudi. Mara ya mwisho aliondoka mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Bibi yangu alikuwa mtoto wa miaka 4.

Bibi anakumbuka jambo moja vizuri. Kila baada ya miezi miwili mama yake alikwenda Tanga mjini kwa miguu. Alikwenda kwa wakala wa meli kuchukua fedha alizotumiwa na mumewe. Aliweka dole gumba kwenye karatasi, akapewa shilingi zake. Alirudi na kanga, mafuta ya taa na mchele.

Katikati ya mwaka 1943 alikwenda kama kawaida. Karani alimwambia, "Mama, hakuna fedha." Alikwenda tena mara ya pili na ya tatu. Jibu lilikuwa lile lile. Hakuambiwa sababu.

Ndipo maneno yakaanza kijijini. Watu walisema, "Yule amepata mke Ulaya. Amesahau nyumbani." Watoto walimwimba Bibi kisimani kwamba baba yake amemkimbia. Mama yake hakujua afanye nini. Kama mume amekufa, alipaswa kukaa eda ya miezi 4 na siku 10. Kama mume yu hai na amemtupa, alipaswa kudai talaka. Hakuwa mjane wala hakuwa mke. Alikaa hivyo miaka 6. Mwaka 1949 kadhi alimfungulia ndoa yake. Hakuolewa tena. Alifariki mwaka 1979, na katika siku zake zote hakupenda jina la mumewe litajwe mbele yake.

Bibi naye alikua na jambo hilo moyoni. Alipoposwa, wakwe waliulizana, "Baba yake ni yupi? Yule aliyekimbia?" Si jambo dogo kuanza maisha na swali kama hilo.

3. Kitabu ndani ya kasha

Mama yake Bibi aliacha kasha la mbao. Ndani mlikuwa na nguo, msahafu, na kitabu kidogo chenye jalada la buluu. Wote tulifikiri ni stakabadhi za kodi za zamani.

Bibi alijifunza kusoma katika kampeni ya kufuta ujinga ya mwaka 1971 hadi 1975. Alikuwa na umri wa karibu miaka 40. Alisoma chini ya mwembe, pamoja na wanawake wenzake, baada ya kazi za shamba. Siku moja alikifungua kitabu kile. Kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo hakukielewa. Lakini tarehe alizijua, na jina la baba yake alilitambua. Akasema, "Kitabu hiki ni cha baba." Akakifunga kwa kitambaa, akakirudisha ndani. Hakukitupa. Bila yeye tusingepata kitu.

Mwaka 2018 aliniita. Nilikuwa nimekwisha kuanza kazi ya elimu ya watu wazima. Akaniambia, "Wewe unafundisha watu kusoma. Nisomee hiki kabla sijafa. Nataka kujua kama baba alinikimbia."

4. Jinsi kitabu kinavyosomwa

Kitabu kile kiliitwa kitabu cha kuachishwa kazi. Kila baharia wa meli za biashara za Uingereza alikuwa na chake. Alipoandikishwa melini, alimpa nahodha akitunze. Safari ilipokwisha, alirudishiwa. Kikijaa, alipewa kingine.

Ukurasa wa mwanzo una nambari ya baharia, jina, mwaka na mahali alipozaliwa, kimo, rangi ya macho na alama za mwilini. Palikuwa na picha pia, lakini mchwa walikuwa wameila. Ilibaki sehemu ya bega tu. Hata hivyo maneno yalibaki. Yalisema: kovu juu ya jicho la kushoto. Nilipolisoma hilo Bibi alishika jicho lake. Mama yake alipata kumwambia kuwa Babu alianguka mnazi alipokuwa kijana, akapasuka hapo.

Kurasa zinazofuata zina mistari. Kila safari ina mstari mmoja. Mstari unasema jina la meli na nambari yake, siku na mahali pa kuanza kazi, aina ya kazi, siku na mahali pa kuachishwa. Mwishoni kuna mihuri miwili. Muhuri wa kwanza ni wa ufundi wa kazi. Wa pili ni wa tabia.

Tulihesabu safari 18. Tuliona Mombasa, Aden, Bombay, Durban, London na Cardiff. Mwaka 1931 alipanda cheo, akawa mchochea moto. Safari 17 zina mihuri ya "nzuri sana" kwa kazi na kwa tabia. Safari moja, ya mwaka 1932, ina muhuri usemao kwamba nahodha anakataa kutoa habari. Kwa mabaharia muhuri huo ulikuwa mbaya. Nahodha mwingine akiuona aliweza kukataa kumwandika mtu. Baada ya muhuri huo Babu alikaa miezi 9 bila meli. Miaka hiyo biashara ya dunia ilikuwa imeanguka, na meli nyingi zilifungwa bandarini bila kazi. Kisha akapata meli nyingine, na mihuri mizuri ikarudi.

Tulimsomea Bibi yote, jema na baya. Alisema, "Afadhali. Huyo ni mtu kweli."

Mistari ilitwambia mengi, na nafasi tupu kati ya mistari nazo zilisema. Babu aliachishwa Mombasa mwezi Agosti 1935. Aliandikishwa tena mwezi Machi 1936. Katikati hapana kitu. Maana yake alikuwa nyumbani. Bibi alizaliwa katikati ya mwaka 1936, baba yake akiwa safarini. Hesabu inakubali. Bibi aliihesabu mwenyewe kwa vidole, mara mbili.

Mstari wa mwisho ni wa Novemba 1939, Mombasa. Kitabu kilikuwa kimejaa. Alikiacha nyumbani, akaenda kupewa kipya. Hicho cha pili hakikurudi.

5. Jina moja, maandishi matatu

Tulijua sasa kwamba habari za baada ya 1939 zitakuwa Uingereza. Huko kuna Hifadhi ya Taifa, mahali paitwapo Kew, katika jiji la London. Hapo pamewekwa rejista za mabaharia wa meli za biashara. Ipo rejista ya kadi iliyokwisha mwaka 1941, na ipo rejista mpya iliyoanza mwaka huo. Zipo pia rejista za mabaharia waliokufa, na orodha za watu wa kila meli. Orodha za watu wa meli za miaka ya vita ziko hapo Kew. Orodha nyingi za miaka ya kabla ya vita ziko mbali zaidi, katika chuo kikuu cha Memorial, Newfoundland, nchini Kanada. Zile za miaka inayoishia na 5, kama 1925 na 1935, ziko kwenye makumbusho ya bahari ya Greenwich, London.

Binamu yangu anafanya kazi Uingereza. Kuingia katika chumba cha kusomea pale Kew hakuna malipo. Unaandikishwa, unapewa kadi ya msomaji, unaomba karatasi unazotaka. Nilimpelekea picha za kitabu kwa simu. Alikwenda siku zake za mapumziko.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Karani wa zamani aliandika alivyosikia. Mtu aitwaye Hamisi aliweza kuandikwa Khamis leo, na Amees kesho. Tena sisi tunaanza na jina letu, kisha la baba. Wao huanza kutafuta kwa jina la mwisho. Kwa hiyo baba yake Babu ndiye aliyekuwa kichwa cha karatasi. Tulikuta jina la Babu limeandikwa kwa namna tatu. Mahali pa kuzaliwa pameandikwa Zanzibar, ingawa yeye ni mtu wa Tanganyika. Umri nao ulibadilika kwa miaka mitatu kati ya karatasi moja na nyingine.

Tungetafuta kwa jina peke yake, tungekata tamaa. Tulichokishika ni nambari ya baharia. Nambari haikubadilika. Ilikuwa ile ile katika kitabu cha kasha na katika rejista ya Kew. Na kovu lilikuwapo, juu ya jicho la kushoto.

Meli nazo zilikuwa na nambari zao. Meli ya Uingereza ikiuzwa au ikibadilishwa jina, nambari yake hubaki. Kwa nambari hiyo binamu yangu aliomba orodha ya watu wa meli ya mwisho ya Babu.

6. Habari zilizofika

Habari zilikuwa fupi. Babu Baharia aliandikishwa Mombasa mwaka 1940. Alifanya kazi katika meli tatu wakati wa vita. Miaka hiyo nyambizi za Wajerumani zilizamisha meli nyingi za mizigo. Mabaharia zaidi ya 30,000 wa meli za biashara za Uingereza walikufa katika vita hivyo. Watu wa chumba cha makaa walikuwa katika hatari kubwa, maana walikuwa chini kabisa, mbali na mashua za kuokolea.

Babu hakufa kwa nyambizi. Alitolewa melini akiwa mgonjwa, akalazwa hospitali katika mji wa Liverpool. Alifariki mwezi Aprili 1943, kwa ugonjwa wa mapafu. Rejista inataja jina, umri, kazi, meli, siku na sababu ya kifo.

Katika orodha ya watu wa meli mlikuwa na jambo jingine. Kuna safu ya fedha ambazo baharia ameagiza zikatwe katika mshahara wake na kupelekwa nyumbani. Katika mstari wa Babu pameandikwa kiasi: nusu ya mshahara, kila mwezi, kwa mke wake. Jina la mke limeandikwa vibaya, lakini linasomeka. Pembeni pana alama ya dole gumba la Babu.

Basi fedha zilikoma kwa sababu mtu alikufa. Hazikukoma kwa sababu alisahau. Mwezi aliokufa na mwezi ambao karani alisema hakuna fedha vinafuatana.

Na kwa nini habari ya kifo haikufika? Rejista ina safu ya mahali alipokaa marehemu. Jina la kijiji chetu limeandikwa pale kwa herufi ambazo hakuna mtu wa Tanga angezitambua. Mbele yake pameandikwa Zanzibar. Barua ya anwani hiyo haikuweza kutufikia. Babu alilitaja jina la kijiji kwa mdomo wake. Mwandishi aliandika alivyosikia. Babu hakuweza kuangalia karatasi na kusema, "Bwana, hapa umekosea."

Ndugu msomaji, hapo ndipo pa kufikiri sana. Neno moja lililoandikwa vibaya lilimfanya mwanamke akae miaka 6 bila kujua kama ni mjane. Lilimfanya mtoto aimbwe kisimani.

7. Siku tuliyomwambia Bibi

Nilimsomea Bibi habari hizo polepole, mbele ya watoto wake. Hakulia. Aliuliza, "Nusu ya mshahara?" Nikajibu, "Ndiyo, Bibi. Nusu." Akauliza tena, "Kila mwezi?" Nikajibu, "Kila mwezi, mpaka alipofariki."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama angepaswa kulisikia hili."

Ijumaa iliyofuata tulisoma hitima. Tuliwaita majirani, na wazee wachache waliobaki ambao waliyasikia maneno ya zamani. Sheikh aliwataja Babu Baharia na mke wake pamoja katika dua. Mzee mmoja alisimama akasema mbele ya watu kwamba wazazi wao walimsema marehemu vibaya, na kwamba aliyesema na aliyesikia wote waombe radhi. Fedha za Babu zilizobaki hatukuziulizia. Tulichotafuta ni heshima, tukaipata.

8. Na sisi tufanye nini?

Koo nyingi zina karatasi za namna hii. Wengine walikuwa askari wa KAR. Wengine walifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, reli, au bandari. Wote hao waliandikwa mahali. Fanya mambo haya:

Kwanza, usitupe karatasi ya zamani kwa sababu huielewi. Mpe asomaye akusomee.

Pili, itunze pakavu, mbali na mchwa na moshi. Usiikunje kunje. Piga picha ya kila ukurasa.

Tatu, nakili nambari zote. Jina laweza kukosewa, lakini nambari husaidia kumpata mtu.

Nne, waulize wazee wangali hai. Waulize majina ya baba na babu, makovu, safari, na majina ya zamani ya vijiji. Andika, na uweke tarehe.

Tano, kama karatasi haipo nyumbani, huenda ipo katika hifadhi. Tanzania Bara tuna Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Zanzibar wana hifadhi yao Kilimani. Kenya wana yao Nairobi.

Sita, kila unapoandikwa, iwe hospitali, benki au ofisi ya kijiji, omba kuona karatasi. Soma jina lako, jina la kijiji chako na la mtu wa kupewa habari zako. Pakiwa na kosa, sema pale pale lisahihishwe. Wewe unaweza kufanya jambo ambalo Babu Baharia hakuweza.

Maneno magumu

Eda: muda anaokaa mwanamke baada ya kufiwa na mume au kuachwa.
Hifadhi: mahali pa kutunza karatasi za zamani.
Nyambizi: chombo cha vita kinachokwenda chini ya maji.
Rejista: daftari kubwa la kuandikia majina ya watu na habari zao.
Stakabadhi: karatasi ya kuonyesha kuwa umelipa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini fedha za mke wa Babu Baharia zilikoma mwaka 1943? Watu wa kijiji walidhani nini?
2. Nambari ya baharia ilisaidia nini ambacho jina halikuweza?
3. Nafasi tupu kati ya Agosti 1935 na Machi 1936 ilionyesha nini?
4. Je, nyumbani kwako kuna karatasi ya zamani ambayo haijasomwa? Ilete darasani tuisome pamoja.
5. Andika mistari mitano juu ya mzee mmoja wa ukoo wako. Taja jina lake, mahali alipozaliwa na kazi aliyofanya.